Lubugo Sebuleni: Dhana Potofu Kuhusu Kupamba Nyumba kwa Ladha Yako

Katika nyumba nyingi za Uganda, sebule hupambwa kwa ajili ya mgeni ambaye huenda asifike hadi Krismasi au Idi, huku wenye nyumba wakiishi jikoni na chumbani. Viti hufunikwa vitambaa vya kufuma, watoto hukatazwa kuvikalia, na ukutani hutundikwa kile kilichoonekana kwa jirani. Naamini nyumba inapaswa kwanza kumpendeza anayeamka ndani yake kila siku, na kwamba kinachotuzuia, mara nyingi kuliko uhaba wa fedha, ni dhana tulizozirithi bila kuzichunguza.

Dhana potofu: Lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti, ni kitambaa cha wafu, hakiwekwi ndani ya nyumba.

Ukweli: Woga huu una chanzo chake, kwani tangu zamani Baganda huwazika wapendwa wao wakiwa wamezungushiwa lubugo. Hata hivyo, lubugo huvaliwa pia kabaka, mfalme wa Buganda, anapotawazwa, na katika mikusanyiko ya kimila ambayo haina uhusiano wowote na msiba. UNESCO iliutangaza ufundi wa kutengeneza lubugo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha yake ya urithi usioshikika. Maelezo ya urithi huo yanataja waziwazi kwamba kitambaa hiki hutumika pia kwa mapazia, vyandarua na matandiko. Kwa hiyo anayekitundika dirishani hajabuni jambo geni, bali amelirudia la wazee.

Mama mmoja jirani yangu hapa katika mji wa Bombo alisimama mlangoni alipoona kipande changu ukutani, akauliza, "Mwanangu, hiyo si sanda?" Nilimwomba akisogelee na kukigusa. Kwa karibu huonekana mistari myembamba iliyoachwa na nyundo ya mbao yenye mifereji, ambayo fundi huitumia kuponda gome la ndani la mti wa mutuba mpaka litanuke na kulainika, na pembeni kuna mahali aliposhona tundu kwa uangalifu mkubwa. Rangi yake ni ya udongo mwekundu, na hakuna vipande viwili vinavyofanana kabisa. Mti wenyewe haufi: baada ya kuvunwa, shina hufungwa kwa majani ya mgomba, gome jipya likaota, na mti huohuo ukavunwa tena. Tahadhari iliyopo ni moja tu, yaani kutokukitundika kwenye ukuta unaovuja maji wakati wa mvua, kwa sababu kitaota ukungu.

Dhana potofu: Chumba kidogo ni lazima kipakwe rangi nyeupe.

Ukweli: Ni kweli kwamba rangi nyepesi hurudisha mwanga, lakini ni lazima kwanza uwepo mwanga wa kurudishwa. Chumba chenye dirisha moja dogo kinachopakana na ukuta wa jirani haking'ai kwa weupe; ukuta huonekana wa kijivu, na alama za mikono ya watoto huonekana upesi. Inafaa kutazama jua kabla ya kununua rangi. Sisi tuko karibu na ikweta, hivyo mwaka mzima jua huchomoza takriban mashariki na kutua takriban magharibi, na chumba kinachoelekea magharibi hupata mwanga mkali na joto kila alasiri. Changu kiko hivyo, nikapaka ukuta mmoja kijani kizito, na saa kumi jioni macho hupumzika.

Dhana potofu: Taa ya mwanga wa manjano hula umeme zaidi.

Ukweli: Hii ilitokana na balbu za zamani za waya, ambazo zilikuwa na mwanga wa manjano na zilitumia wati 60 mahali ambapo balbu ya LED hutosheka na 8 au 9. Kati ya balbu mbili za LED zenye wati sawa, moja ya kelvini 2,700 (kipimo cha rangi ya mwanga; hii ni ya manjano) na nyingine ya 6,500 (nyeupe), matumizi ya umeme ni yaleyale, ila ya kwanza huifanya sebule ionekane ya nyumbani na ya pili huifanya ifanane na duka la dawa.

Dhana potofu: Mpangaji hana la kupamba, na vya kusukwa ni vya watalii.

Ukweli: Mpangaji wa muzigo, yaani nyumba ndogo ya kupanga, hata mwenye chumba kimoja tu, anaweza kukigawa kwa pazia alilolichagua mwenyewe, akatandika mkeka, na akihama akaondoka navyo vyote. Misumari peke yake ndiyo ya kumwomba mwenye nyumba ruhusa. Wanawake wa Kinubi, jamii mojawapo ya hapa Uganda, husuka vifuniko vya chakula vya rangi kali, nyekundu, zambarau na manjano, na havikusukwa kwa ajili ya mtalii bali kwa ajili ya sinia la nyumbani. Nina vitatu ukutani, juu ya meza yangu ya kulia. Chakula kikiwa tayari navishusha na kufunikia, kisha baada ya kula navipangusa na kuvirudisha kwenye misumari yao.