Moirai na Parcae: miungu wa kike waliogawa mafungu

Wengi wanaowajua miungu hawa humjua mmoja tu: yule mwenye mkasi wa kukata uzi wa uhai. Picha hiyo imewaonea. Neno la Kigiriki moira maana yake ni fungu, lile lile la nyama inayogawiwa karamuni au la nyara baada ya vita. Moirai basi ni Mafungu. Kila azaliwaye hupewa lake, na kifo ni sehemu yake tu.

Mshairi Hesiod, yapata mwaka 700 KK, anawataja watatu: Clotho anayesokota, Lachesis anayegawa na Atropos asiyegeuzika. Mkasi hamtajii hata mmoja. Mahali pamoja anasema walizaliwa na Usiku, bila baba. Mbele katika shairi hilo hilo ni mabinti wa Zeus, mfalme wa miungu, na Themis, mungu wa kike wa utaratibu. Nadhani aliziacha simulizi zote mbili kwa sababu majaliwa huonekana hivyo: leo giza tupu, kesho haki.

Kwa nini uzi? Kwa sababu kila nyumba ya Kigiriki ilikuwa na mwanamke anayesokota sufu. Mkono wa kushoto umeshika kijiti chenye sufu, wa kulia unavuta nyuzi kidogo kidogo, na chini kinaning'inia kijiti kingine chenye kigurudumu cha udongo, kikizunguka. Uzi unarefuka huku ukishuka. Aliyeona kazi hiyo tangu utotoni hakuhitaji kuelezwa maisha yanavyotengenezwa.

Hata Zeus alibanwa. Katika Iliad, utenzi wa kale wa vita vya Troya, anamwona mwanawe Sarpedon akikaribia kuuawa na Patroclus, shujaa wa Kigiriki, naye anatamani kumwokoa. Mkewe Hera anamwonya: ukimwokoa wako, miungu wengine nao watataka kuokoa wao. Zeus ananyamaza, na matone ya damu yanaidondokea ardhi kwa heshima ya mtoto.

Warumi waliwaita Parcae: Nona, Decuma na Morta. Mwanazuoni Varro alilihusisha jina Parca na kuzaa, na Nona na Decuma na mwezi wa 9 na wa 10 wa mimba. Kwa hiyo wawili kati ya watatu walisimama mlangoni pa uzazi. Usiku wa kuamkia Juni 1 mwaka 17 KK, Augusto, mtawala wa Roma, aliwachinjia wanakondoo majike 9 na mbuzi majike 9 kando ya mto Tiber, akiwaombea Warumi. Maandishi ya sherehe hiyo yaliyochongwa kwenye jiwe yanawaita kwa jina lao la Kigiriki.

Atropos yuko hata hospitalini. Linnaeus, mtaalamu wa mimea, aliupa mmea mmoja wenye sumu jina la Atropa belladonna, na kutoka hapo ikaitwa dawa ya atropini. Ndiyo hudungwa mgonjwa aliyekunywa baadhi ya sumu za kuulia wadudu shambani, ili aendelee kupumua.