Kinyume cha "wote" si "hakuna hata mmoja"

Kijiwe cha kahawa, Magomeni, jioni. Fumbo liko mezani: Juma na Shabani, kila mmoja ama husema kweli daima, ama hudanganya daima. Juma anasema, "Sisi sote wawili ni waongo." Nani mkweli?

Wengi hukimbilia kujibu: "Juma anadanganya, kwa hiyo wote ni wakweli!" Hapana jamani. Umeshamwita mwongo, atakuwaje mkweli tena? Inaniuma kuona vijana hodari wakikwama hapa tu.

Tazama vikombe viwili hivi, kando ya kashata. Mtu akidai vyote vina kahawa, kumbishia huhitaji vyote viwe vitupu; kimoja kikavu kinatosha. Ndiyo kanuni ya Augustus De Morgan, mwanahisabati wa Uingereza wa karne ya 19: kukanusha "hiki na kile" ni kusema "si hiki, au si kile".

Sasa Juma. Angekuwa mkweli, kauli yake ingemfanya mwongo, haiwezekani. Basi ni mwongo, na si kweli kwamba wote wawili ni waongo. Mkweli ni Shabani.