Tarehe 3 Juni: si wote waliouawa siku ile

Kila Juni, mahujaji wakimiminika Namugongo, karibu na Kampala, utasikia hata kwa dereva wa bodaboda: mashahidi wote wa Uganda, yaani Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao enzi za Kabaka (mfalme) Mwanga wa Buganda, walichomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Si kweli, ingawa kosa lenyewe linaeleweka.

Siku hiyo, Alhamisi ya Kupaa kwa Bwana, ndipo Charles Lwanga, kijana Kizito na wenzao walipoteketezwa Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Lakini mauaji yalianza zamani. Waanglikana watatu wa kwanza, Makko Kakumba, Nuwa Sserwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa tarehe 31 Januari 1885. Joseph Mukasa Balikuddembe alifuata Novemba 15 mwaka huohuo. Huyu alikatwa kichwa kwanza, ndipo mwili ukachomwa. Andrea Kaggwa aliuawa Munyonyo Mei 26, 1886, siku nane kabla ya moto ule. Jean-Marie Muzeeyi, wa mwisho kati ya mashahidi 22 Wakatoliki, alikufa Januari 27, 1887.

Kalenda ya Kanisa ilichagua siku iliyochukua wengi kwa mpigo. Balikuddembe, kwa maoni yangu, ndiye aliyepunjwa zaidi: bila yeye Lwanga asingerithi uongozi wa vijana Wakristo wa ikulu ya Kabaka Mwanga.