Sindano ya kutibu ganzi ya kiganja: moja haimalizi kesi

Mafundi cherehani huku Kariakoo wanaambizana eti ile ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku, ukichomwa sindano moja tu umepona mazima. Hapana bana. Sindano ya steroidi inapunguza uvimbe unaobana mshipa wa fahamu pale kwenye kifundo cha mkono, nafuu inakuja haraka ila kwa wengi baada ya miezi kadhaa inarudi, na mwenye kisukari sukari inaweza kumpanda siku chache kwahiyo amwambie daktari mapema. Kuna ya glukosi asilimia 5 pia, yaani maji ya sukari, inasukumwa kuzunguka huo mshipa wa fahamu huku daktari anaangalia kwenye ultrasaundi, yenyewe nafuu yake inakuja taratibu. Nyama ya chini ya kidole gumba ikishaanza kunywea, hapo ni kuongelea upasuaji.