Kiinimacho cha kuchekesha: yanayosemwa na ukweli wake

Kwenye harusi za Malindi na kumbi za hoteli za Watamu, mtu wa kiinimacho anayechekesha akishuka jukwaani huacha maneno nyuma yake. Huyu atasema, "Yule ana kitu." Yule atasema, "Hajui kazi, hukuona alivyokosea?" Hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, lakini mimi ninayepanga burudani za sherehe huyasikia kwenye meza moja.

"Alikosea mara tatu, kwa hiyo hajui."

Mtazame kwa karibu. Anamwomba mjomba wa bwana harusi achague karata, awaonyeshe watu, kisha airudishe. Anachanganya. Anatoa moja kwa mbwembwe: siyo. Anatoa nyingine, anajifuta jasho: siyo. Ya tatu anaichomoa mfukoni kwa kujiamini kabisa, kumbe ni risiti ya duka. Ukumbi hauna mbavu, watoto wanamzomea. Hapo anamwambia mjomba ainue sahani yake ya pilau, na karata yake iko chini.

Makosa yale yamefanyiwa mazoezi kuliko ule mwisho. Mtu akicheka hutupa kichwa nyuma, humgeukia jirani, hupiga meza. Kwa muda huo mfupi hakuna jicho lililobaki kwenye mkono wa msanii, na ndipo kazi inapofanyika. Kwangu mimi hii ni ngumu kuliko kiinimacho cha yule aliyevaa suti nyeusi na kununa. Mchekeshaji ana mambo mawili ya kupatanisha, mkono na kicheko, na kicheko kikichelewa kidogo tu, mkono umeonekana.

Bingwa wa kukosea alikuwa Tommy Cooper, mzaliwa wa Wales wa mwaka 1921, na tarbushi yake nyekundu, kofia aliyoanza kuivaa jukwaani alipokuwa askari nchini Misri wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vitu vilimharibikia mbele ya Uingereza nzima. Lakini alikuwa mwanachama wa Magic Circle, chama cha wenye kazi hiyo kilichoanzishwa London mwaka 1905, na wenzake walijua mikono yake ni ya fundi. Tarehe 15 Aprili 1984 alianguka jukwaani, kipindi kikionyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Watazamaji waliendelea kucheka, maana walimzoea hivyo. Moyo ulikuwa umemshinda, na hakuamka tena.

"Ana jini."

Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Jean-Eugène Robert-Houdin, bingwa wake wa kiinimacho, huko Algeria, awaonyeshe wenyeji kwamba Mfaransa ana uwezo kuwashinda mawalii wao. Aliweka sanduku dogo jukwaani, akaita mwanamume mwenye nguvu alinyanyue. Akalinyanyua bila taabu. Kisha Robert-Houdin akatangaza kwamba amemnyang'anya nguvu, na yule bwana akavuta asiweze hata kulisogeza. Sanduku lilikuwa na chuma chini, na chini ya jukwaa kulikuwa na sumaku ya umeme. Robert-Houdin mwenyewe alianza maisha kama fundi wa saa. Ujanja wa fundi saa ukageuzwa silaha ya mkoloni, na hilo ndilo linalonikera kila nikilikumbuka.

Kwetu dhana hii si ya kuchekea. Malindi iko kaunti ya Kilifi, ambako wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Ndiyo maana sikubali msanii anayejidai kutabiri mambo ya watu au kutoa pepo, hata kwa utani. Aseme wazi kabla hajaanza: ni mikono, ni macho yenu, ni mazoezi. Hukumu ya dini nawaachia masheikh, nao wapo wanaokataza hata mchezo wenyewe; mwenye harusi amuulize anayemwamini kabla ya kutupigia simu.

"Akiweza hotelini, ataweza popote."

Hotelini ana ukuta nyuma na watu mbele. Mpeleke Lamu, uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome, uone. Watu wamemzunguka pande zote, wengine wako juu ya ngazi, na punda anapita katikati bila kuuliza. Nusu ya michezo yake inakufa hapo, kwa sababu ilitengenezwa kutazamwa kutoka mbele. Upepo wa kusi nao hupeperusha vitambaa. Hata karata zina shida yake: unyevu wa pwani huzivimbisha na kuzishikanisha, mpaka vidole vinateleza pale visipotakiwa kuteleza.

Utani wa maneno nao hausafiri. Meza moja ina Waitaliano, nyingine wageni wa Nairobi, nyingine wazee wa Kigiriama, kwa hiyo msanii hulazimika kuchekesha kwa uso na mwili. Ndiyo sababu wengi huongeza kurusha mipira, kusemesha mwanasesere, au kuwa MC. Isitoshe, kati ya Aprili na Juni mvua zinanyesha, hoteli nyingi hufunga au hubaki tupu, na mwenye ujuzi mmoja hukaa nyumbani.

"Ni kazi ya wanaume, mwanamke ni wa kukatwa katikati." Adelaide Herrmann, mwanamke wa kiinimacho, alifiwa na mumewe, naye wa kazi hiyohiyo, mwaka 1896, akaendelea na maonyesho kwa jina lake kwa miaka mingi, hata mchezo wa kudaka risasi. Hao Magic Circle walifungulia wanawake mlango mwaka 1991, wamechelewa sana.

"Dakika ishirini tu, mpe chakula inatosha." Hii naisikia zaidi kutoka kwa ndugu wa bwana harusi. Pilau atakula, na bei yake iko palepale. Nusu italipwa kabla ya siku yenyewe, na kama sherehe ni Shela, kule Lamu, nauli ya boti ni juu ya mwenye sherehe, kwenda na kurudi.