Padre Marcel-François Richard na Waakadia: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Waakadia ni watu wa Quebec, jimbo la Kanada lisemalo Kifaransa, waliohamia pwani.
Waakadia ni wazao wa Wafaransa walioanza kuishi Akadia, pwani ya mashariki ya Kanada ya leo, mwaka 1604, miaka minne kabla mji wa Quebec haujaanzishwa. Ndiyo maana mwaka 1881, kwenye mkutano mkuu wao wa kwanza kule Memramcook, Padre Richard, mmoja wa viongozi wao, alikataa wazo la kufuata sikukuu ya watu wa Quebec, Juni 24. Alitetea Agosti 15, Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria, na hoja hiyo ikapita.

Dhana: Waingereza waliwamaliza mwaka 1755.
Waliwafukuza kwa maelfu na kuchoma makazi yao, lakini wapo waliojificha na wapo waliorudi. Richard alizaliwa 1847 New Brunswick, na leo jimbo hilo ndilo pekee nchini Kanada lenye Kiingereza na Kifaransa kama lugha rasmi.

Dhana: bendera yao ni ya Ufaransa tu.
Itazame vizuri: kwenye bluu pana nyota ya dhahabu, Nyota ya Bahari, yaani Bikira Maria. Ni wazo la Richard, likapitishwa kwenye mkutano wao wa Miscouche, katika Kisiwa cha Prince Edward, mwaka 1884. Ya kwanza ilishonwa na Marie Babineau, na ingali imehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Moncton.

Dhana: kwa kuwa alikuwa padre, Kanisa lilimuunga mkono.
Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana linafuta mateso yake. Mwaka 1874 alianzisha chuo kijijini kwao Saint-Louis, ili vijana wa Kiakadia wasome kwa lugha yao. Askofu wake, James Rogers, mzaliwa wa Ireland, alikiona kimeegemea mno Ufaransa, akakifunga 1882. Fikiria: Wakatoliki kwa Wakatoliki, na ugomvi ni lugha ya darasani! Miaka mitatu baadaye Richard akahamishiwa Rogersville, kijiji chenye jina la askofu huyohuyo.

Hakuacha upadre wala hakunyamaza. Alijenga parokia, akawahimiza watu washike ardhi na kulima, kisha akafunga safari hadi Roma kumwomba Papa Pius X awape Waakadia askofu wa kwao. Mwaka 1912 Édouard LeBlanc akawekwa kuwa Askofu wa Saint John, mji wa New Brunswick, Mwakadia wa kwanza kupewa daraja hilo. Richard alifariki 1915, akiwa ameyashuhudia hayo.