Kabla Wembe Haujagusa Unyayo: Hakiki Usajili wa Mtaalamu wa Miguu Uingereza

Katika dawati letu la ushauri kwa wagonjwa, malalamiko ya wazungumzaji wa Kiswahili waishio Uingereza kuhusu matibabu ya miguu yamekuwa yakiongezeka, na mengi huanza kwa maneno yaleyale: "Nilidhani amesajiliwa." Hakuna aendaye kutibiwa kwa nia ya kujidhuru, nasi hatumlaumu mgonjwa, lakini dhana hiyo imeumiza watu na lazima isahihishwe.

Sheria ya Uingereza hulinda jina la taaluma, si kazi yote inayofanywa kwa jina hilo. Chini ya Amri ya Taaluma za Afya ya mwaka 2001, hakuna anayeruhusiwa kujiita "podiatrist" au "chiropodist", majina mawili ya mtaalamu wa miguu, bila kusajiliwa na Health and Care Professions Council, yaani HCPC, baraza linalosimamia taaluma 15. Hata hivyo, kukwangua sugu na kupunguza kucha nene ni kazi ambayo mtu yeyote anaweza kuitangaza, mradi asitumie majina hayo mawili. Anayejiita "foot health practitioner", yaani mhudumu wa afya ya miguu, hatendi kosa, na huenda akawa mtu makini mwenye mafunzo, ila baraza halimsimamii, na akikuumiza halina mamlaka ya kumwita. Kwa hiyo swali tunaloulizwa kila mara, "Mbona serikali imemruhusu kufungua ofisi?", halina msingi. Ofisi, koti jeupe na cheti ukutani si usajili.

Kuhakiki ni bure. Fungua rejista katika tovuti ya baraza, chagua taaluma, kisha andika jina la ukoo au namba ya usajili, ambayo kwa wataalamu wa miguu huanza na herufi CH. Tazama hali ya usajili na tarehe unapoisha, kwa kuwa huhuishwa kila baada ya miaka 2. Usifunge ukurasa hapo, kwani maelezo ya ziada ndiyo yanayoonyesha kama mhusika ameidhinishwa kutumia sindano ya ganzi au kuandika dawa. Jina likikosekana, muulize kwanza mwenyewe, maana wapo waliobadili jina la ukoo baada ya kuolewa.

Anayetumia jina linalolindwa kwa nia ya kudanganya anaweza kushtakiwa, na mahakama za England na Wales zinaweza kumtoza faini isiyo na kikomo. Aliyesajiliwa akilalamikiwa, jopo la baraza linaweza kumpa onyo linalobaki kwenye rekodi yake kwa mwaka 1 hadi 5, kumwekea masharti ya kazi kwa muda usiozidi miaka 3, kumsimamisha kwa muda usiozidi mwaka 1, au kumfuta. Aliyefutwa hawezi kuomba kurejeshwa kabla ya miaka 5 kupita. Pale ambapo hatari ni ya haraka, anaweza kuzuiwa kwa amri ya muda ya hadi miezi 18 wakati uchunguzi ukiendelea. Baraza halirudishi fedha wala halilipi fidia. Tunalirudia hili kila wiki, na bado wapo wanaoleta risiti.

Mama mmoja mwenye kisukari alikuja kwetu akiwa amefungwa bendeji. Alikwanguliwa sugu chini ya kidole gumba na mtu aliyeelekezwa na jirani, wala hakuhisi chochote kwa sababu unyayo ulikuwa umekufa ganzi. Jioni alipovua soksi aliliona doa la damu lililoganda kisiginoni, akadhani limetoka kwenye kiatu kipya. Mkwanguaji hakuwa amesajiliwa wala hakuwahi kujiita "podiatrist", kwa hiyo baraza halikuwa na kesi ya kufungua. Tulichoweza kufanya ni kumpeleka kliniki siku hiyohiyo.

Mwenye kisukari ana haki ya kukaguliwa miguu kila mwaka na NHS, huduma ya afya ya umma, bila malipo. Ukaguzi huo hupima hisia kwa uzi laini wa plastiki na kutafuta mapigo ya damu, jambo ambalo mkata kucha wa mtaani halifanyi. Usipoitwa, piga simu kwa daktari wako na uulize tarehe yako. Ukiona kidonda, wekundu, joto au uvimbe mguuni, usisubiri tarehe hiyo wala usibandike plasta ya kuondolea sugu, kwa sababu asidi iliyomo huchoma ngozi. Piga simu siku hiyohiyo na useme wazi kwamba una kisukari.